Profesa Bernhard Grzimek na Milango ya Mioyo ya Watu

Mwenyezi Mungu amewaumba wanadamu wakiwa na tabia mbalimbali. Yuko anayeamshwa na hesabu, yuko anayeamshwa na huruma, na yuko asiyeinuka mpaka aione faida itakayoifikia nyumba yake. Mwenye kazi inayohitaji mikono ya wengi hana budi kuzijua tabia hizo, la sivyo maneno yake yataanguka njiani. Jambo hili hudhihirika katika maisha ya Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani ambaye jina lake limefungamana na Serengeti. Limo katika mafanikio yake, na limo katika upungufu wake pia.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Alisomea utabibu wa wanyama, na mwaka 1945 akakabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Bustani hiyo ilikuwa imebomolewa kwa mabomu, na wanyama waliosalia walikuwa wachache. Grzimek alifahamu kwamba watu waliochoshwa na vita walihitaji faraja kabla ya elimu. Basi akawaletea sarakasi na michezo humo bustanini, nao wakaja kwa wingi, na viingilio vyao vikasaidia kuijenga upya. Mwaka 1956 alianza kipindi cha televisheni kilichodumu miaka thelathini. Alizungumza kwa utulivu, na mara nyingi mnyama hai alikuwa karibu naye. Kisha akawaomba watazamaji msaada, nao wakatoa.

Wakati huo yeye na mwanawe Michael walitaka kutumia fedha za filamu yao ya kwanza kununua ardhi ya kuipanua Serengeti. Mkuu wa hifadhi za Tanganyika, Peter Molloy, aliwashauri vingine. Serikali ilikuwa ikitaka kubadili mipaka ya hifadhi, na ilihitaji kujua wanyama ni wangapi na wanapita wapi. Baba na mwana wakajifunza urubani, wakaja kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, na mwanzoni mwa mwaka 1958 wakahesabu wanyama zaidi ya 360,000. Hapo walitambua kwamba mlango wa mtu wa ofisi ni hesabu.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai ikaanguka, na Michael akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba yake hakuiacha kazi. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, ikawafikia wale ambao mlango wao ni huruma.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Grzimek alijua kwamba viongozi wa nchi changa wana shule na hospitali za kujenga. Kwa hiyo aliwaeleza juu ya fedha za kigeni zitakazoletwa na watalii. Kisha akawatangazia watazamaji wake safari za Afrika Mashariki kabla hazijakuwapo. Watu wakaziulizia, na makampuni yakalazimika kuziandaa.

Lakini mtu huyu aliyejua milango ya walio mbali hakubisha hodi vya kutosha kwa jirani wa hifadhi. Mwaka 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti, naye aliamini kwamba watu na mifugo hawana nafasi ndani ya hifadhi. Upande wa magharibi, katika wilaya ya leo ya Serengeti, Waikoma na Wanata walikuwa wakiwinda tangu enzi za mababu. Kaskazini, upande wa Tarime, Mkuria alitazama malisho, kwani ng'ombe ndiye mahari na ndiye heshima ya nyumba. Kwa watu hawa lugha iliyotumika ilikuwa ya askari na mahakama. Eneo la Lamai lilipoingizwa katika hifadhi miaka ya 1960, familia zililazimika kuondoka. Uadui ukaota mizizi, na damu ikamwagika pande zote mbili.

Tena kuna jambo la kuzingatia. Nyumbu wa Serengeti, ambao leo hupita milioni moja, waliongezeka hasa baada ya ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi kuchanjwa dhidi ya sotoka. Yaani wokovu wa nyumbu ulipitia katika zizi la jirani yule yule.

Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya mwanawe. Baada yake ilianzishwa Ikona, hifadhi ya jamii ya vijiji vitano, Robanda kikiwa kimojawapo, ambavyo hupata sehemu ya mapato ya utalii. Magomvi hayajakwisha, lakini mlango umebishwa.

Ndugu wasomaji, haitoshi kujua namna ya kuzungumza na mkubwa wa kazi na mfadhili wa mbali. Msimamizi na amwulize mfanyakazi wake, na mwalimu amwulize mzazi, ni kitu gani anachokihangaikia tangu asubuhi hadi usiku. Atakapolijua jibu ndipo aseme haja yake, naye atasikilizwa.