Joseph Aspdin, mwashi aliyeanzisha simenti ya Portland

Simenti inayoshushwa Kindu, iwe imefika kwa reli au kwa mto Lualaba, ni ya ukoo wa Portland. Jina hilo lilitolewa na mwashi wa Uingereza, Joseph Aspdin.

Alizaliwa mwaka 1778 mjini Leeds, mtoto wa kwanza kati ya sita wa fundi wa matofali, akafuata kazi ya baba yake. Wakati huo nyumba nyingi zilijengwa kwa chokaa, ambayo hukauka polepole na huliwa na mvua. Aspdin alichoma mawe ya chokaa, akayachanganya na udongo wa mfinyanzi, akachoma tena na kusaga. Alipokosa mawe aliyang'oa barabarani, na mara mbili alishtakiwa kwa kosa hilo.

Tarehe 21 Oktoba 1824 alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Aliuita Portland kwa sababu ukikauka ulifanana na jiwe la Portland, lililosifiwa sana nchini mwake. Mwaka 1825 alifungua kiwanda Wakefield pamoja na William Beverley.

Hata hivyo, moto wake haukutosha, na simenti yake ilibaki karibu na chokaa. Aliyeipita ni mwanawe William, ambaye alichoma mpaka mchanganyiko ukaanza kuyeyuka na kuwa vijiwe vigumu. Unga wa vijiwe hivyo ulikuwa na nguvu zaidi. Lakini wawili hao walikuwa wameachana: mwaka 1841 Joseph alitangaza kwamba William ameondoka na kwamba kampuni haitalipa madeni yake.

Joseph alifariki Wakefield tarehe 20 Machi 1855. William alimfuata mwaka 1864, huko Ujerumani.

Leo tanuru hufika digrii 1450 hivi, na mifuko hutofautiana kwa namba. 32.5 na 42.5 huonyesha nguvu ya simenti baada ya siku 28. Ya kwanza yafaa kujengea matofali na kupiga lipu. Ya pili ni ya nguzo na dari za kubeba uzito. Lakini hata ile yenye namba kubwa haidumu ikiwa mfuko umelala kwenye unyevu hadi ukaganda, au ikiwa ukuta haukumwagiwa maji siku za kwanza.