Mchungaji Ralph D. Hult (1888–1943)

Katika historia ya Kanisa la Kilutheri milimani Upare, wamisionari wa Leipzig hutajwa kwanza, nayo ni haki yao, kwa kuwa ndio waliofungua kituo cha Shigatini mwaka 1900. Lakini kazi yao ilikatizwa na vita mara mbili, na mara zote mbili Walutheri wa Marekani waliitikia mwito wa kuziba pengo. Mchungaji Ralph Hult alikuwa miongoni mwao nyakati zote mbili.

Alizaliwa mwaka 1888, akawa mchungaji wa Sinodi ya Augustana, kanisa lililoundwa na Waswidi waliohamia Marekani. Hakuitwa kwanza Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alitumwa Sudani ya Kati, kusini mwa jangwa la Sahara, kutafuta mahali pa kuanzisha misheni, lakini matumaini ya safari hiyo hayakutimia.

Wakati huohuo Waingereza walikuwa wamewaondoa Wajerumani. Kuanzia 1920 sharika za Kilimanjaro, Meru na Upare zilibaki mikononi mwa walimu na wazee. Hao walihubiri, wakafundisha na kuzika wafu, ila hapakuwa na mchungaji Mwafrika aliyewekewa mikono katika eneo hilo, hivyo Meza ya Bwana ilikuwa shida kubwa. Ndipo Augustana ilipoombwa msaada, na Hult akaja. Watu wa Leipzig waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, Wamarekani waliwaachia kazi yao na kuhamia Iramba, ambako Hult alikuwa mmoja wa waanzilishi.

Vita ya pili ilipoanza, Wajerumani waliwekwa kizuizini na sharika zikawa yatima tena. Mwezi Machi 1941 Hult, aliyekuwa amerudi Marekani, alipanda meli ya Kimisri iitwayo Zamzam pamoja na wamisionari wengine wengi, wakiwamo wanawake na watoto. Alfajiri ya Aprili 17, katika Atlantiki ya Kusini, manowari ya Kijerumani iitwayo Atlantis iliifyatulia mizinga, ikidhani ni meli ya Waingereza. Ni jambo la ajabu kufikiri kwamba wahubiri hao walikuwa njiani kuzitunza sharika zilizoanzishwa na Wajerumani. Wote, zaidi ya watu mia tatu, waliokolewa na kuchukuliwa na Wajerumani haohao, wakahamishiwa meli ya mizigo, na baada ya majuma kadhaa ya hofu baharini wakashushwa pwani ya Ufaransa. Kutoka huko Wamarekani walirejeshwa kwao.

Hakuna ambaye angemlaumu Hult kama angebaki nyumbani. Umri wake ulikuwa umepita miaka hamsini, alikuwa na familia kubwa, na mizigo yake ilikuwa imezama baharini. Kabla mwaka 1941 haujaisha, Marekani nayo iliingia vitani, na bahari ikawa ya hatari kuliko mwanzo. Hata hivyo aliondoka tena, safari hii akafika.

Alipangiwa kazi upande wa Dar es Salaam, kati ya sharika zilizoachwa na Misheni ya Berlin. Huko malaria ilimpata, akafariki mwaka 1943, mke na watoto wake wakiwa Marekani.