Mary Leakey

Mary Douglas Leakey (jina la kuzaliwa: Mary Douglas Nicol, London, Uingereza, 6 Februari 1913 – Nairobi, Kenya, 9 Desemba 1996) alikuwa mwanaakiolojia Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Tanzania kwa miaka mingi. Anajulikana hasa kwa fuvu la Zinjanthropus na nyayo za Laetoli. Hata hivyo, kazi yake iliyo nzito zaidi ni uchimbaji wa Bonde la Olduvai, ambao hadi leo hutegemewa na kila anayeuliza binadamu wa kale walipataje nyama.

Maisha

Baba yake alikuwa mchoraji, na familia iliishi kwa vipindi kusini mwa Ufaransa, penye mapango yenye picha za kale. Baba alifariki mwaka 1926. Shuleni Mary hakudumu: alifukuzwa mara mbili na hakupata shahada yoyote kwa masomo, ingawa baadaye vyuo vikuu vilimtunukia shahada za heshima. Kilichomfungulia njia ni mkono wake wa kuchora zana za mawe. Kwa kazi hiyo alikutana na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, Kenya. Alifika Olduvai kwa mara ya kwanza mwaka 1935, wakaoana 1936. Wana wao watatu ni Jonathan, Richard na Philip.

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, aligundua fuvu la Proconsul, nyani wa kale sana.

Olduvai

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa amelala kambini kwa homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa wa fuvu ukichungulia kwenye mteremko. Fuvu hilo, lililoitwa Zinjanthropus, lilipimwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75 hivi.

Fuvu lilileta sifa na fedha za utafiti, lakini kilicholizunguka kilikuwa na habari nyingi zaidi. Kuanzia 1960 Mary na wafanyakazi wake, wengi wao Wakamba wazoefu kutoka Kenya, walifukua eneo la mita za mraba karibu 300. Kila jiwe na kila mfupa uliwekwa kwenye ramani kabla ya kuinuliwa. Vilipatikana vipande kwa maelfu: mawe yaliyochongwa, na mifupa ya swala na wanyama wengine wa mbugani. Mifupa mirefu ilikuwa imepasuliwa, kama afanyavyo mtu anayetafuta uboho.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mwenye fuvu ndiye aliyechonga zana hizo. Lakini magego yake makubwa yalikuwa ya kutafuna mimea migumu. Mwaka 1964 Homo habilis alitangazwa, na heshima ya uchongaji ikahamia kwake. Mary alichapisha matokeo ya uchimbaji mwaka 1971.

Mwindaji au mla mizoga?

Mary aliona mahali pale kuwa makazi, ambako chakula kililetwa na kuliwa. Mwaka 1981 watafiti waliichunguza upya mifupa ya Olduvai kwa hadubini, wakaona mikwaruzo ya visu vya mawe. Kwenye mifupa mingine palikuwa pia na alama za meno ya wanyama wakali. Basi nani alitangulia mezani?

Robert Blumenschine alitafuta jibu Serengeti, mbuga inayoanzia jirani na Olduvai na kufika mkoa wa Mara. Alifuatilia mizoga na kuona kwamba simba akishiba huacha mifupa yenye uboho ndani. Fisi akifika, haachi kitu. Kwa hiyo mtu mwenye jiwe la kupondea angeweza kula bila kupigana na simba, mradi amwahi fisi. Wengine wanapinga: mikwaruzo iko pia katikati ya mifupa mirefu, penye minofu ambayo simba angeimaliza kwanza. Kwao, binadamu hao waliwahi nyama nzima, kwa kuwinda au kwa kumfukuza mwindaji. Uchimbaji mpya wa Watanzania na Wahispania, akiwemo Audax Mabulla, umeegemea upande huu, lakini mjadala haujafungwa. Pande zote mbili hurudi kwenye mifupa ileile ya Mary.

Si kila maoni yake yamesimama. Mifupa ya tembo iliyokutwa pamoja na zana aliichukulia kuwa machinjio. Uchunguzi wa baadaye umelitilia shaka jambo hilo.

Miaka ya mwisho

Baada ya Louis kufariki mwaka 1972, Mary aliendelea kuishi Olduvai na mbwa wake, akivuta sigara kubwa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipohamia Nairobi. Mwaka 1978 kundi lake lilifukua Laetoli nyayo za watembeao wima zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Katika tabaka hilo hapakuonekana zana ya mawe hata moja: miguu ilitangulia kisu kwa muda mrefu sana.

Majivu yake yalitawanywa Olduvai. Fuvu la Zinjanthropus limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.