Kaderdina Hajee Essak: Abdulla wa kanga

Asubuhi za baridi Sumbawanga, doti moja ya kanga ina kazi nyingi. Kipande kimoja hufungwa kiunoni, cha pili mama hujitanda mabegani. Mtoto akilia, hicho cha pili kinageuka mbeleko. Ukifika mtoni, kinasokotwa kuwa ngata ya kubebea ndoo.

Mfanyabiashara anayekumbukwa zaidi kwa nguo hii ni Kaderdina Hajee Essak, Mhindi aliyejulikana kama Abdulla, ambaye duka lake lilianza Mombasa mwaka 1887. Kanga hakuibuni yeye, na hilo lisisahaulike. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za mkononi ambazo bado hazijakatwa kutoka kwenye jora. Walikata tatu tatu, wakaunga safu mbili, wakapata nguo moja pana ya leso sita. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, isiyo na mshono.

Abdulla aliweka alama yake pindoni: K.H.E. Mali ya Abdulla. Ndiye pia anayetajwa kuanzisha jina la kanga, yaani yale maneno yanayosomeka nyuma ya mvaaji, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye hizi tunazotumia leo. Tangu hapo mwanamke aliweza kumjibu jirani bila kufungua mdomo.

Abdulla alishafariki zamani, lakini kanga zenye K.H.E. bado zinauzwa. Angalia pindo la yako.