Hokusai, mzee wa wimbi na mlima

Mtoto wa Jinja anayajua mawimbi ya Ziwa Victoria na mitumbwi ya samaki. Mtoto wa Mbale akiinua macho anauona Wanale, na zaidi yake Mlima Elgon. Wote wawili wataielewa upesi picha maarufu ya Katsushika Hokusai wa Japani: wimbi kubwa limeinuka, mashua tatu zinahangaika chini yake, na kwa mbali Mlima Fuji unaonekana mdogo kama kichuguu. Mashua za aina hiyo zilikuwa za biashara. Zilikimbiza samaki wabichi hadi soko la Edo, mji ambao leo ni Tokyo.

Hokusai alizaliwa Edo mwaka 1760. Alipokuwa na miaka 14 hivi alianza kujifunza kuchonga vibao vya kuchapia picha, kisha akaingia katika karakana ya mchoraji Katsukawa Shunsho. Picha ya chapa ilikuwa kazi ya watu wengi. Mchoraji alichora, fundi akachonga mchoro kwenye ubao wa mti wa mcheri, na mwingine akapaka rangi na kukandamiza karatasi, kila rangi kwa ubao wake. Mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji na kutafuta wateja. Nakala zilikuwa nyingi, hivyo bei ilikuwa ndogo, kama ya bakuli moja au mawili ya tambi. Hata mtu wa kawaida alinunua.

Alipokaribia miaka 70 mambo yalimwendea vibaya. Aliugua kiharusi, mkewe akafariki mwaka 1828, na madeni ya mjukuu wake mcheza kamari yakamwangukia. Mfanyabiashara aliyewahi kupoteza mtaji anaijua hali hiyo. Hokusai akaanza upya.

Wakati huo Japani ilikuwa imewafungia milango wageni wengi, ila wafanyabiashara wa Uholanzi na China walipokelewa katika bandari ya Nagasaki. Kwa njia hiyo iliingia rangi ya buluu iliyobuniwa Berlin, na bei yake iliposhuka, wachapaji wakaweza kuitumia. Kwa buluu hiyo mzee alitoa picha 36 za Fuji, lile wimbi likiwa mojawapo. Zilipendwa hadi nyingine 10 zikaongezwa. Mlima ni ule ule, lakini kila picha inautazama kutoka mahali pengine, kama Elgon unavyoonekana tofauti ukiwa Mbale na ukiwa Bungoma.

Mwaka 1839 nyumba yake iliungua pamoja na michoro mingi. Aliendelea kuchora, akisaidiwa na binti yake Oi, naye mchoraji, hadi alipofariki mwaka 1849 akiwa na miaka 88. Leo wimbi lake limechapwa kwenye noti ya Japani ya yen 1,000 iliyotoka mwaka 2024.

Mzazi anayerudi kutoka Malaba au Lwakhakha anaweza kumwonyesha mtoto kazi hii kwa kiazi kimoja. Kikatwe nusu, kichongwe umbo la mlima, kipakwe rangi na kukandamizwa kwenye karatasi. Mtoto atachapa mara moja, mara kumi, na mlima utatoka ule ule. Kisha amwulize mzazi wake mlima wao unaonekanaje ng'ambo ya mpaka, na achonge na huo.