Padri Kaiser wa Maela

Mimi ni mtu wa chuoni, na mapadri si watu niliozoea kuwaandika. Lakini huyu John Kaiser, ndugu msomaji, haki yake atajwe. Alizaliwa Marekani mwaka 1932, akawahi kuwa askari, na mwaka 1964 akaja Kenya akiwa padri. Miaka mingi alikaa Kisii, akijenga makanisa kwa mikono yake. Hakuona haya kushika mwiko.

Kisha akapelekwa Maela, karibu na Naivasha, kwenye kambi ya waliofukuzwa mashambani mwao kwa vita vya kikabila. Desemba 1994 serikali ilipowapakia malorini usiku, alisimama nao, naye akaondoshwa kwa nguvu. Mbele ya Tume ya Akiwumi, ile ile iliyochunguza msiba wetu wa Likoni wa 1997, aliwataja wakubwa kwa majina. Wangapi wetu wangethubutu?

Tarehe 24 Agosti 2000 maiti yake ilikutwa Morendat, kando ya barabara ya Naivasha na Nakuru, kichwa kimepigwa risasi. Wapelelezi wa Marekani wakasema kajiua. Dini yake, kama yetu, yaharimisha jambo hilo, na maaskofu wakakataa. Mwaka 2007 hakimu akaamua kwamba aliuawa. Hajahukumiwa mtu.