Muyaka bin Haji, Malenga wa Mvita



Kama ilivyo desturi ya kijitabu chetu, ukurasa huu ni wa mmoja wa watu wetu wa kale. Mwaka huu tunamkumbuka Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, wakati Wamazrui wakitawala kutoka Fort Jesus. Washairi wengi wa zama zile walikuwa wanazuoni waliotunga tenzi ndefu za dini. Muyaka alilishika shairi la mishororo minne, akatia ndani yake maisha ya mji: siasa, vita, ndoa, ukata, urafiki na mapenzi. Mashairi yakatoka misikitini yakaingia sokoni na barazani.

Sayyid Said wa Oman alipoitaka Mombasa, Muyaka alisimama na Wamazrui na akajibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi. Malenga huyo wa vita ndiye pia aliyetunga sifa, hamu na malalamiko ya mpenzi. Mwaka 1837 Wamazrui walianguka. Muyaka alifariki mwaka 1840.

Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu. Zaidi ya miaka 40 baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na mmishonari Mwingereza, William Taylor. Mwalimu alifariki mwaka 1890, na miswada ikaishia London. William Hichens ndiye aliyeitengeneza diwani, ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi.

Kazi yangu ni uhasibu. Mali isiyoandikwa daftarini, siku ya hesabu huwa haipo. Lau Mwalimu Sikujua angekawia miaka 10 tu, leo tungebaki na jina la Muyaka na mashairi machache.

Ndiyo maana mwaka huu tunachanga kuchapisha mashairi yake ya mapenzi, yakiwa na maelezo ya maneno magumu na michoro ya msanii wa hapa kwetu: milango ya nakshi, baraza, majahazi. Nakala zitapelekwa bure katika shule zetu.

Wapo waliouliza: mapenzi ya nini, na watoto hawana karo? Swali ni la haki. Mfuko wa karo una hesabu yake na hautaguswa hata shilingi. Lakini wazee wanaoweza kumweleza msanii na vijana maana ya Kimvita cha kale wanapungua kila mwaka, na wao hawana mfuko wa akiba. Safari hii tusingoje mgeni aje kutuandikia.

Tafadhali jazeni fomu iliyo ukurasa wa mwisho.